Kanga kabla ya Kiwanda: Namna ya Kuandaa Mbao za Maonyesho ya Nguo mjini Muscat

Kila kanga inayofungwa kiunoni Unguja, Mombasa au Muscat ilianzia kwenye karatasi. Kabla ya pamba kutiwa rangi na kabla ya mashine kuwashwa, kulikuwa na mtu aliyechora pindo, akapanga mji, akaandika jina, kisha akaiweka kazi yake mbele ya mtu mwingine na kusema: hii ndiyo nguo ninayoikusudia. Karatasi hiyo inapobandikwa juu ya ubao pamoja na vipande vya nguo, rangi na maelezo mafupi, ndipo tunapopata kile ambacho wanafunzi wa ubunifu wa nguo wanakiita ubao wa maonyesho.

Katika makala yetu ya leo tumeamua kuzizungumzia mbao hizo, na tumeuchagua mji wa Muscat, mji mkuu wa Oman, kwa sababu maalumu. Muscat ni miongoni mwa miji ya nje ya Afrika Mashariki ambako Kiswahili kinasemwa majumbani, na ambako kanga huvaliwa na watu wanaoelewa kilichoandikwa juu yake. Baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee nyumbani, familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilihamia Oman, zikiwemo zile zilizoondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Zilikuja na lugha, mapishi na masanduku ya kanga. Hata neno leso, ambalo watu wa Mombasa hulitumia kwa maana ya kanga, linasikika pia katika Kiarabu cha Oman likimaanisha kitambaa cha kichwa cha wanawake.

Sasa basi, tuchukulie kwamba mjukuu wa familia kama hiyo anasoma ubunifu wa mavazi katika moja ya vyuo vya Muscat, na ameamua kuifanya kanga kuwa mradi wake wa mwisho wa masomo. Kijana huyo ana wasomaji watatu wa kuwaridhisha, nao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni mwalimu wake, ambaye huenda hajapata kufunga kanga maishani mwake. Wa pili ni mtu wa kiwandani, pengine India au China, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili. Na wa tatu ni bibi yake, anayeijua kanga kuliko mwalimu na kiwanda kwa pamoja. Kwa wote hao watatu, ubao ndio utakaosema, kwani mara nyingi mwenyewe hatakuwepo chumbani wakati kazi yake inapotazamwa na kuamuliwa.

Karatasi iliyovuka bahari

Inafaa kuashiria hapa kwamba jambo hili si geni katika historia ya kanga. Kabla ya kanga, wanawake wa Pwani walikuwa wakivaa zaidi kaniki, yaani nguo ya pamba iliyotiwa nili, na merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani. Biashara hiyo ya Marekani ilipata nguvu baada ya mkataba uliotiwa saini mjini Muscat mwezi Septemba mwaka 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts. Kwa hivyo Muscat na nguo za Waswahili ni majirani wa siku nyingi.

Kanga kama tunavyoijua ilijitokeza mwishoni mwa karne ya 19. Inaelezwa kwamba wanawake walinunua leso za kuchapwa, neno ambalo asili yake ni Kireno, wakaziunganisha kwa sindano hadi zikatosha kuvaliwa, na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo. Nguo hiyo haikuchapwa Zanzibar wala Mombasa. Viwanda vya Ulaya ndivyo vilivyoifanya kazi hiyo, vikiwemo vya Uholanzi kama Vlisco ya mji wa Helmond, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846. Baadaye zilikuja kanga za India na Japan, na baada ya uhuru Tanganyika na Zanzibar zilizoungana zikawa na kiwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Hebu tulitafakari jambo hilo kidogo. Mchapaji wa Helmond hakumjua mwanamke wa Ng'ambo aliyekuwa akisubiri kanga mpya. Hakujua kwa nini jina fulani lingemfanya acheke na jingine lingemfanya akasirike. Alichokuwa nacho mezani ni mchoro, orodha ya rangi na maneno aliyoandikiwa, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Karatasi ndiyo iliyovuka bahari, ikasimama badala ya mtu. Herufi moja ikikosewa kwenye karatasi hiyo, hukosewa kwenye maelfu ya doti. Wanunuzi wa kanga wanalijua hilo, kwani si ajabu hadi leo kukuta kanga nzuri ya kutoka ng'ambo yenye jina lililoandikwa kwa makosa, ikabaki dukani au ikauzwa kwa bei ya chini.

Kwa msingi huo, ubao wa maonyesho ni barua kwa mtu ambaye huenda hutaonana naye. Uzuri wake ni jambo la kutakikana, lakini ubao mzuri usioeleweka ni sawa na barua iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza bila anwani. Kazi kamili ya kanga inahitaji mbao 5, na sasa tutazieleza moja baada ya nyingine.

Ubao wa kwanza: chanzo

Ubao wa kwanza hueleza wazo limetoka wapi. Mjini Muscat mwanafunzi hana haja ya kukaa mbele ya kompyuta kutafuta picha za watu wengine. Yapo makumbusho ya Bait Al Zubair katika mji mkongwe, yaliyofunguliwa mwaka 1998, ambayo yana mavazi ya mikoa mbalimbali ya Oman. Yapo Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2016, yakitazamana na Kasri ya Al Alam. Lipo soko la Mutrah lenye kofia, shali na vitambaa vya kila namna. Na karibu na hoteli ya Al Bustan Palace limewekwa jahazi Sohar, lililoundwa mjini Sur na kusafiri kutoka Muscat hadi Guangzhou, China, kati ya mwaka 1980 na 1981. Mbao za jahazi hilo hazikupigiliwa misumari. Zimeshonwa kwa kamba za makumbi, kama ilivyokuwa mitepe ya Waswahili wa Lamu.

Tuchukue jahazi hilo liwe mfano wetu. Mradi utahusu pepo mbili, yaani kaskazi, inayovuma baina ya Disemba na Machi na ambayo ilivipeleka vyombo kutoka Oman hadi Zanzibar, na kusi, iliyovirudisha kuanzia mwezi wa Aprili. Mshono wa kamba za makumbi utakuwa pindo la kanga. Mji utajazwa matanga yaliyochorwa kwa umbo linalokaribia korosho, ambalo ni pambo la siku nyingi katika kanga. Na jina, ambalo tumelitunga wenyewe kwa ajili ya mfano huu, litakuwa: Kusi imenileta, kaskazi yaniita.

Katika ubao huu wa kwanza, picha 5 au 6 zinatosha. Mwanafunzi anayebandika picha 30 huwa anamwachia mtazamaji kazi ya kuchagua, hali ya kuwa hiyo ni kazi yake mwenyewe. Ni bora picha moja iwe kubwa, ile iliyozaa wazo, na nyingine ziwe ndogo zikiizunguka. Kandokando iwepo michoro ya penseli inayoonyesha safari ya wazo: mshono halisi wa jahazi, kisha mshono uliorahisishwa, kisha mshono uliogeuzwa kuwa pindo. Mwalimu akiiona safari hiyo hatauliza kama kazi imenakiliwa.

Chini ya kila picha paandikwe mstari mmoja: ni kitu gani, kiko wapi, kilipigwa picha na nani na lini. Kama nakshi imetoka kwenye nguo ya Sur au ya Dhofar iliyoko makumbusho, lisemwe hilo. Kama imetoka kwenye kanga ya zamani ya bibi, nalo lisemwe. Kutaja chanzo hakupunguzi ubunifu wa mtu hata chembe, na tutaona baadaye kwamba ndiko kunakomlinda.

Ubao wa pili: rangi

Katika ubao wa pili wengi huteleza, kwani huchagua rangi kwenye kompyuta, wakazichapa kwa printa na kubandika karatasi. Ukweli ni kwamba rangi ya kompyuta ni mwanga, rangi ya printa ni wino juu ya karatasi, na rangi ya kanga ni dawa iliyoingia ndani ya uzi wa pamba. Rangi hizo tatu zikiitwa kwa jina moja bado hazitafanana. Kwa hiyo ubao wa rangi ubandikwe vipande vya pamba, hata kama ni vidogo vya sentimita 5 kwa 5, vilivyokatwa kwa mkasi wa meno ili visichirizike nyuzi.

Kila kipande kiwe na majina mawili. La kwanza ni jina la watu, kama vile nyekundu ya kisutu, rangi ya embe au bluu ya nili. La pili ni namba, kwa mfano namba ya mfumo wa Pantone, ulioanzishwa Marekani mwaka 1963 na unaotumiwa na wachapaji wa nchi nyingi. Jina la watu ni kwa ajili ya bibi, na namba ni kwa ajili ya kiwanda. Ukimwandikia mchapaji neno nyekundu peke yake, atakupa nyekundu yake yeye.

Nukta nyingine muhimu ni idadi. Katika uchapaji wa skrini, kila rangi huhitaji skrini yake, na kila skrini ina gharama. Kisutu, kanga ya harusi inayojulikana na kila mtu Pwani, imedumu kwa rangi 3 tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Uchapaji wa kidijitali hauna mpaka huo, lakini mwanafunzi anayejifunza kwa rangi 4 atajua kuchagua, na anayeanza na rangi 20 hatajua ipi inafanya kazi gani. Katika mfano wetu tutachukua nyeupe ya kuta za Muscat, hudhurungi ya milima inayouzunguka mji, bluu ya nili na rangi ya embe.

Vipande hivyo vitazamwe karibu na dirisha, mchana, kabla ya kubandikwa. Taa ya dukani hubadilisha rangi, na wapo waliochagua kitambaa cha bluu usiku wakakuta zambarau asubuhi.

Ubao wa tatu: mchoro wenyewe

Huu ndio ubao mkuu, na hapa inapasa kueleweka tofauti kati ya kanga na kitenge. Kitenge ni nguo ya nakshi inayojirudia. Ukionyesha kipande kimoja na namna kinavyoungana na jirani yake juu, chini na ubavuni, umekwisha kuieleza nguo nzima. Kanga haiko hivyo. Kanga ni picha moja iliyokamilika, yenye pindo pande zote nne, mji katikati na jina juu kidogo ya pindo la chini. Anayeionyesha kipande kipande ameiua. Ni lazima ionekane yote kwa pamoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Tukichukua kanga yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110, na tukaichora kwa skeli ya 1 kwa 4, tutapata mchoro wa sentimita 37.5 kwa 27.5. Karatasi ya A3 ina sentimita 42 kwa 29.7, kwa hiyo mchoro utaingia lakini hautabaki na nafasi ya kupumua. Karatasi ya A2, yenye sentimita 59.4 kwa 42, itauchukua vizuri na kuacha nafasi ya zaidi ya sentimita 14 kwa maelezo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza A2, na skeli iandikwe wazi pembeni ili mtu asidhani anaona leso ya mkononi.

Mchoro mdogo huficha aibu kubwa. Mstari wa pindo unaoonekana mwembamba na wa kupendeza kwa skeli ya 1 kwa 4 utakuwa mnene mara 4 juu ya nguo. Kwa hivyo, kando ya mchoro mzima, iwekwe pembe moja ya kanga kwa ukubwa wake halisi, pale pindo la ubavuni linapokutana na pindo la chini. Pembe ndiyo mahali pagumu kuliko pote. Mshono wetu wa makumbi unapofika pembeni, je, unakatika, unapinda au unaanza upya? Mtu wa kiwandani ataitazama pembe hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na bibi naye vilevile.

Kisha jina. Jina letu la mfano lina herufi 27 na nafasi 3 baina ya maneno, yaani jumla 30. Tukiipa kila moja sentimita 2.5 juu ya nguo, maandishi yatachukua sentimita 75, nusu kamili ya urefu wa kanga. Huo ni urefu unaosomeka na unaoacha nafasi pande zote mbili. Juu ya ubao yatakuwa na urefu usiofika sentimita 19, na ni vyema neno moja, kwa mfano KASKAZI, lionyeshwe kwa ukubwa halisi wa sentimita 17.5 ili unene wa herufi uonekane.

Chini ya jina yaandikwe mambo matatu: maneno yenyewe kwa herufi za kawaida, maana yake kwa Kiarabu na Kiingereza, na agizo kwamba herufi yoyote isibadilishwe. Katika faili la kompyuta, herufi zigeuzwe kuwa maumbo, ili kompyuta ya kiwandani isije ikaweka mwandiko wake. Na kabla ya yote hayo, jina lisomwe kwa sauti na mtu mwingine anayejua Kiswahili. Vijana wengi waliozaliwa Muscat wanakisema Kiswahili nyumbani lakini shuleni wamesoma Kiarabu na Kiingereza, hivyo masikio yao ni mazuri kuliko kalamu zao. Hilo si kosa lao, ila kiwanda hakitawasahihishia.

Ubao wa nne: mchoro mmoja, rangi mbalimbali

Muuza kanga hauzi rangi moja. Mchoro uleule hutolewa kwa rangi tofauti, na mteja huchagua. Ubao wa nne basi huonyesha mchoro mmoja mara 3, katika mipangilio 3 ya rangi, kila mmoja mdogo kuliko ule wa ubao wa tatu.

Siri ya ubao huu ni kulinda uwiano wa mwanga na giza. Ikiwa katika mpangilio wa kwanza matanga ni meupe juu ya bluu iliyokoza, basi katika mpangilio wa pili yasiwe ya embe juu ya manjano, kwani yatapotea. Njia rahisi ya kupima ni kuupiga picha ubao kwa simu na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Mpangilio ambao jina lake halisomeki tena kwenye picha hiyo hautasomeka pia mwanamke akiwa mbali barabarani.

Ubao wa tano: nguo mwilini na maelezo ya kiwanda

Ubao wa mwisho humwonyesha mvaaji. Hapa wanafunzi wengi huchora mwanamke akitazama mbele, kama ilivyo kawaida katika magazeti ya mitindo. Lakini mtu wa Pwani anajua kwamba kanga husomwa kwa nyuma, kwani jina huangukia chini ya kiuno, na aliyekusudiwa hulisoma wakati mvaaji amekwisha kumpa mgongo. Kwa hiyo achorwe mwanamke kwa nyuma pia, kanga moja kiunoni na ya pili kichwani au mabegani, maana kanga huuzwa kwa doti, na kipande cha pili nacho kina jina. Kama mradi unakusudia matumizi mengine, kama mbeleko ya mtoto au leso ya kichwa juu ya vazi la Kiomani, yaonyeshwe kwa mchoro mdogo.

Upande wa pili wa ubao huu ni jedwali fupi: kipimo cha kanga, aina ya pamba, idadi ya rangi na namba zake, namna ya uchapaji, na kwamba vipande viwili vichapwe vikifuatana ili mnunuzi avikate na kuvipinda mwenyewe kama ilivyo desturi. Mistari 8 inatosha. Maelezo marefu hayasomwi na mtu aliyesimama.

Kwa wale wanaopendelea kofia, ile ambayo Waomani huiita kuma na ambayo Zanzibar na Oman zimeirithi kwa pamoja, utaratibu ni huohuo kwa tofauti moja. Kofia ni ndogo, hivyo hakuna haja ya skeli. Kipande cha mviringo cha juu na mkanda wa kuzunguka kichwa vichorwe kwa ukubwa halisi. Mkanda wa kichwa cha sentimita 56 ukinyooshwa unaingia juu ya karatasi ya A2, na pembeni pabandikwe kipande kilichoshonwa kwa mkono, ili vitobo na uzi vionekane.

Joto, gundi na njia ya kwenda chuoni

Yapo pia mambo ya mji wenyewe. Wakati wa kiangazi joto la Muscat hupindukia nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo. Gundi huyeyuka, vipande vya nguo huteleza, na kadibodi nyepesi yenye povu katikati hupinda. Unyevu wa pwani nao huitia karatasi mawimbi. Njia ni kutumia kadibodi ngumu, kubandika nguo kwa utepe wa gundi pande mbili badala ya gundi ya maji, kukata kwa kisu kikali na rula ya chuma, na kuzibeba mbao zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi laini ndani ya mfuko bapa. Zisiachwe kwenye gari hata kwa muda wa sala. Na zipigwe picha nzuri siku hiyohiyo zinapomalizika, kwa kuwa jua hufifisha rangi na ubao wa asili hautabaki mpya.

Nani mwenye kanga hii?

Sasa tunakuja kwenye suala zito zaidi. Mchoro wa kanga ni rahisi kuibwa. Picha moja ya simu inatosha kuupeleka kiwanda cha mbali, na baada ya muda mfupi doti zikarudi sokoni bila jina la aliyeuchora. Siku hizi zipo pia programu za akili mnemba zinazotoa picha ya kanga kwa sekunde chache, picha ambayo haina safari, haina pembe iliyofikiriwa, na mara nyingine ina maneno yasiyo ya lugha yoyote.

Wafanyabiashara wa zamani walilijua tatizo la kuigwa. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla na lililoanzishwa mwaka 1887, lilitia alama ya Mali ya Abdulla juu ya kanga zake. Mnunuzi aliiona alama na akajua anachonunua. Lakini hiyo ilikuwa alama ya tajiri. Mchoraji aliyekaa na kalamu, na mara nyingine mwanamke aliyeleta maneno, hawakuandikwa popote, na leo tunazo kanga nyingi za zamani ambazo hatuwezi kusema nani alizibuni.

Sheria ipo. Oman ina Sheria ya Hakimiliki iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 65 ya mwaka 2008, na ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1999. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kwa mujibu wa mkataba huo, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kusubiri kuandikishwa. Lakini anayedai haki hutakiwa kuonyesha kwamba kazi ni yake, na hapo ndipo mbao zetu 5 zinapogeuka kuwa ushahidi. Mwigaji anaweza kuwa na picha ya kanga iliyokamilika. Hawezi kuwa na michoro ya penseli yenye tarehe, picha za jahazi alizopiga mwenyewe, vipande vya rangi vilivyokataliwa na pembe iliyochorwa mara 4. Wala haki hiyo haimruhusu mtu kudai alichokikuta. Korosho si ya mtu mmoja, kisutu si cha mtu mmoja, na ndiyo maana ubao wa chanzo unapaswa kusema kweli juu ya kilichorithiwa na kilichobuniwa.

Jaribio la mwisho

Kabla ya siku ya kuwasilisha kazi, tunapendekeza jaribio moja lisilo na gharama. Mbao 5 zisimamishwe ukutani kwa mpangilio wake, na mwenyewe atoke nje. Aitwe mtu asiyejua chochote kuhusu mradi, azitazame kwa dakika 5, kisha aulizwe: hii ni nguo gani, ina ukubwa gani, wazo lake limetoka wapi, na imeandikwa nini? Pale anaposhindwa kujibu ndipo ubao unapohitaji kurekebishwa, na kumweleza kwa mdomo hakutasaidia, kwa sababu kiwandani hatakuwepo wa kueleza.

Kisha aitwe bibi. Yeye hatauliza skeli wala namba ya rangi. Ataliangalia pindo, atalisoma jina, na huenda akasema kwamba jina hili halifai kupewa mtu siku ya harusi, au kwamba mji umejaa mno, au atauliza inauzwa wapi. Maneno yake yaandikwe kwa penseli nyuma ya ubao wa tatu, pamoja na tarehe. Na mbele, pembeni chini, mahali ambapo wachoraji wengi wa kanga waliotangulia hawakupata kuandikwa, mwanafunzi aandike jina lake kamili.